Mtazame Mkazi Asiyeweza Kuomba: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Makao ya Wazee Wenye Demensia

Toleo hili tumeitengea safu yetu barua zinazohusu jambo moja, nalo ni namna ya kuyapima makao ya matunzo kabla ya kumkabidhi ndugu mwenye demensia, yaani kudhoofika kwa ubongo kunakomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wa kujitunza, na namna ya kuendelea kuyapima baada ya kumkabidhi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa majibu yanayofuata yanaiegemea.

Swali: Mama yetu ana ugonjwa wa Alzheimer. Mimi na wadogo zangu tumemtunza kwa zamu, lakini sasa anaamka usiku na kutoka nje, na jiko ameliacha likiwaka zaidi ya mara moja. Tumetembelea makao mawili. Ya kwanza ni mapya. Sakafu inang'aa, na msimamizi alitupokea kwa ukarimu, akatutembeza hadi bustanini na kwenye chumba cha muziki. Ya pili yamo katika jengo kuukuu lenye rangi iliyobabuka, lakini tulimkuta mhudumu amepiga magoti anamfunga mzee kamba za viatu, huku wakizungumza na kucheka. Wadogo zangu wanataka ya kwanza. Moyo wangu umeelekea ya pili, ila nikiulizwa sababu sina la kusema. Tuangalie nini? *(Mtoto wa kwanza)*

Jibu: Dada yangu, sababu unayo, ila haijakamilika. Ulimwona mhudumu aliyekuwa na muda wa kushuka hadi usawa wa macho ya mzee, na makao ambayo wahudumu wake wana muda wa namna hiyo hayapatikani kwa wingi. Hata hivyo, tukio la dakika mbili linaweza kuwa sifa ya mhudumu mmoja tu, wala lisiwe desturi ya nyumba nzima. Mnahitaji kipimo ambacho ninyi nyote mtakitumia katika makao yote mawili, kisha mlinganishe mlichokiona.

Kipimo changu ni kumtazama mkazi asiyeweza kuomba. Alzheimer ni aina ya demensia inayozidi kadiri miaka inavyokwenda, na mama anayeingia leo akitembea na kuzungumza huenda baada ya miaka kadhaa akahitaji kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani, bila kuweza kusema panapomuuma. Wageni huonyeshwa wakazi wachangamfu wanaosalimia na kusifu chakula. Hao wangepata huduma ya kuridhisha karibu popote, kwa sababu bado wana ulimi wa kudai. Ninyi mwombeni msimamizi ruhusa ya kuketi katika ukumbi wa pamoja kwa muda wa saa moja hivi, bila simu mkononi na bila kupiga picha, mkae karibu na yule aliye kwenye kiti cha magurudumu pembeni, aliyeinamisha kichwa na asiyesema neno. Anavyotunzwa yeye ndivyo mama yenu atakavyotunzwa siku atakaponyamaza.

Angalieni ni watu wangapi wanapita mbele yake, na ni wangapi kati yao wanaomsemesha kwa jina. Angalieni kama kiti chake kinasukumwa ghafla kutoka nyuma, au kama mhudumu huja kwanza mbele yake, akamgusa mkono na kumweleza wanakokwenda. Je, miwani yake imefutwa? Kifaa chake cha kusikia kimewashwa? Midomo yake imekauka? Kikombe kilichowekwa mbele yake kuna mtu anayemnywesha, au kinaondolewa kikiwa kimejaa kama kilivyoletwa? Mkazi mwingine akiita "Nesi, nesi" bila kukoma, wapitao humjibu kila mara, au masikio yao yamekwisha kumzoea? Mambo haya hayamo katika vipeperushi, na hakuna nyumba inayoweza kuyaigiza kwa ajili ya mgeni kwa saa nzima.

Mwanasaikolojia Mwingereza Tom Kitwood, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Bradford na kufariki mwaka 1998, aliyachunguza kwa makini mambo madogo ya namna hii. Alieleza kwamba mtu mwenye demensia hudhoofishwa na ugonjwa wake, lakini pia na jinsi anavyotendewa: kuharakishwa, kudanganywa ili atii, kuzungumziwa mbele ya uso wake kana kwamba hayupo, kusemeshwa kama mtoto mchanga, kupuuzwa anapoita. Alisisitiza pia kwamba kwa kawaida wanaotenda hayo hawana nia mbaya. Ndiyo maana ukarimu wa msimamizi, hata ukiwa wa kweli, haujawapa ushahidi wowote juu ya kinachotokea saa mbili baada ya ninyi kuondoka.

Kuhusu sakafu inayong'aa natofautiana na wadogo zako kabisa. Demensia huathiri namna ubongo unavyotafsiri kinachoonwa na macho, hivyo mng'ao wa sakafu unaweza kuonekana kama maji yaliyomwagika, na zulia jeusi mlangoni likaonekana kama shimo. Mzee anasimama, anasita, anakataa kuvuka, au anajaribu kuruka na kuanguka. Sakafu inayofaa haina mng'ao, haina mapambo ya mistari, na rangi yake inatofautiana na ya ukuta. Choo kinapaswa kuonekana kwa urahisi kutoka mahali wakazi wanapoketi, mlango wake uwe na picha pamoja na maandishi, na kiti chake kiwe na rangi inayojitenga na sakafu, kwa kuwa kiti cheupe juu ya vigae vyeupe kwa macho ya mgonjwa huenda kisiwepo kabisa. Wakazi wengi huhesabiwa kuwa "wamepoteza uwezo wa kujizuia", kumbe walipoteza uwezo wa kukiona choo tu.

Bustani nayo inahitaji swali lake: mlango wa kutokea huko hufunguliwa saa ngapi, na ufunguo huwa kwa nani? Bustani ambayo mkazi hawezi kuiingia bila mhudumu aliye na nafasi ni mandhari ya dirishani. Rangi iliyobabuka, kwa upande mwingine, haimdhuru mtu, lakini ulizeni ni nini kingine ambacho hakijatengenezwa. Ikiwa kengele za kuitia wahudumu hazifanyi kazi, au kifaa cha kumwinulia mgonjwa kimekaa kibovu, basi ukata umekwisha kufika kwenye matunzo yenyewe, na hapo wadogo zako watakuwa na hoja. Na kwa kuwa tunazungumzia majengo: kijiji cha Hogeweyk huko Weesp, Uholanzi, kilichofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wenye demensia, kimejipatia sifa duniani kwa mitaa na viwanja vyake, lakini mimi naona funzo lake kubwa ni kwamba wakazi huishi katika nyumba za watu sita au saba tu, wakiwa na wahudumu wanaowafahamu. Jengo kuukuu linaweza kugawanya wakazi wake vivyo hivyo. Ukumbi mkubwa wenye watu arobaini na televisheni isiyosikilizwa na yeyote hauwezi.

Rudini bila miadi. Nendeni mara moja wakati wa chakula, na mara nyingine jioni jua linapoelekea kuzama, kwa kuwa huo ndio wakati ambapo wengi wenye demensia hutaharuki, hulia au hutaka kuondoka, na ndio wakati ambapo katika nyumba nyingi zamu hubadilishana. Nyumba inayowakatalia kabisa wageni wasio na miadi imewajibu. Mezani, angalieni kama anayelisha ameketi au amesimama, kama analisha mmoja au wawili kwa zamu ya vijiko, na kama anangoja mzee ameze kabla ya kijiko kingine. Ugonjwa ukizidi, kumeza huwa kwa taabu, na chakula kinachoharakishwa huweza kuingia katika njia ya hewa na kuleta nimonia. Harufu ya mkojo inayopita ni ajali ya kawaida. Ile iliyozama katika viti na mazulia inaonyesha kwamba watu huachwa wamelowa.

Kwa kuwa mama huamka usiku, muulizeni msimamizi swali moja na kumwacha aseme mpaka amalize: "Mkazi anayetembeatembea usiku mnamfanyaje?" Jibu zuri huanza kwa kuwauliza ninyi: huamka saa ngapi, hutaka kwenda wapi, alifanya kazi gani maishani, huenda anatafuta choo, ana njaa, anaumwa? Aliyezoea kuamka alfajiri kwa miaka arobaini ili aende kazini hajaacha mazoea hayo kwa sababu amehamishwa chumba. Jibu baya ni fupi: tunafunga mlango, au tunampa kitu cha kumlaza.

Kisha ulizeni idadi ya wahudumu walio macho usiku, na msikubali kutajiwa idadi ya wakazi peke yake. Ulizeni ni wakazi wangapi wanaohitaji watu wawili ili kugeuzwa au kupelekwa chooni. Kama wahudumu wa usiku ni wawili, basi kila wanapomgeuza mkazi mmoja wa namna hiyo hakuna mtu yeyote kwenye ujia, na mama yenu anayetafuta mlango wa kutokea yuko peke yake. Hesabu hii ndogo inaeleza zaidi kuliko uwiano wowote uliochapishwa kwenye karatasi.

Jambo la mwisho ni watu wenyewe. Waulizeni wahudumu, si msimamizi, wamefanya kazi hapo kwa muda gani, na kama humhudumia mkazi yuleyule kila zamu au hupangwa upya kila siku. Mwenye demensia huenda asilijue jina la mhudumu, lakini sauti na mikono aliyoizoea humtuliza. Ulizeni pia kuhusu lugha. Aliyejifunza lugha ya pili ukubwani mara nyingi huipoteza kabla ya lugha ya utotoni, na mama atakapobaki na ile ya kwanza, sharti awepo mtu wa kumjibu kwayo, hata kama ni kwa maneno machache ya maumivu, maji na choo.

Yakipita majaribio haya, mimi ningechagua jengo kuukuu bila kusitasita. Lakini kabla ya uamuzi, ombeni mama akae kwa muda mfupi wa majaribio, na mumpelekee pamoja naye ukurasa mmoja unaoeleza maisha yake: anavyopenda kuitwa, nyimbo zake, anachokiogopa, namna ya kumwogesha asione haya. Baada ya siku chache muulizeni mhudumu yeyote wa zamu kilichomo ndani yake.

Swali: Mke wangu ana demensia ya miili ya Lewy. Huona watu na wanyama wasiokuwepo, na kuna siku hunipigia kelele. Makao niliyoyatembelea yalinifurahisha kwa utulivu wake. Asubuhi nzima sikusikia sauti. Msimamizi aliniambia kwamba wagonjwa wakorofi hupewa "dawa kidogo ya kutuliza" na wote hunyamaza. Je, hilo ni jambo la kawaida? *(Mume, mstaafu)*

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Ni jambo linalotokea mahali pengi, lakini kwa mkeo lina hatari ya pekee, nami nakuomba usimpeleke huko kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Watu wenye demensia ya miili ya Lewy, ambayo huitwa hivyo kwa sababu ya chembe za protini zinazorundikana katika ubongo, huwa wepesi mno kudhuriwa na dawa za kutibu magonjwa ya akili zinazotumiwa kutuliza wagonjwa, haloperidoli ikiwa mfano unaojulikana sana. Mgonjwa anaweza kukakamaa mwili, kulala bila kuamshika, kuanguka, kushindwa kumeza, na hata kufa. Kwa hiyo jina kamili la ugonjwa wake linapaswa kuandikwa juu kabisa ya faili lake, pamoja na onyo la dawa hizo, na kila zamu ilijue. Kuandika "demensia" peke yake hakutoshi. Kipimo chako cha kwanza kwa makao yoyote kiwe kumuuliza muuguzi mkuu ni nini kinachoitofautisha demensia ya miili ya Lewy na Alzheimer. Asipojua na akakiri kwamba hajui, kisha akaomba maelezo, si vibaya. Akikuambia zote ni sawa, ondoka.

Tahadhari hii haiwahusu wenye ugonjwa wa mkeo peke yao. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza lebo za dawa mpya za kundi hilo ziwe na onyo kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo hilo likaenezwa hadi dawa za zamani. Zipo hali ambazo daktari huzitumia, kama vile mgonjwa anapohatarisha uhai wake au wa wengine na njia nyingine zimeshindwa, lakini hapo huwa ni kwa kipimo kidogo, kwa muda mfupi, na kwa tarehe iliyopangwa ya kuangalia kama ziachwe. Uliza ni nani anayeziandika, ni nani anayetoa idhini, ni wakazi wangapi wanaozitumia, na ni lini mara ya mwisho mkazi yeyote alipunguziwa. Nyumba inayojua inachokifanya itakuwa na majibu hayo.

Ukimya ulioufurahia ungenitia wasiwasi. Katika nyumba ya watu wenye demensia wanaoishi maisha yao, saa nne asubuhi husikika mtu akiimba, mwingine akibisha, na viti vikivutwa. Ukiwakuta wote wamelala vitini baada ya kifungua kinywa, uliza sababu. Angalia pia vifungo visivyoitwa vifungo: mikanda ya viti, meza ndogo iliyobanwa mbele ya kiti ili mzee asisimame, na kingo za kitanda ambazo wenye demensia hujaribu kuzipanda na hivyo kuanguka kutoka juu zaidi kuliko kama zisingekuwepo.

Mgonjwa unayeambiwa ni mkorofi mara nyingi ana jambo asiloweza kulitamka. Kelele, kupiga na kukataa kuoga huweza kutokana na jino, goti, choo kigumu, baridi, au aibu ya kuvuliwa nguo na mgeni. Kipo kipimo cha maumivu kwa wagonjwa wasioweza kujieleza, kilichotungwa Marekani na kutolewa mwaka 2003, kinachotazama mambo matano: pumzi, sauti, uso, mkao wa mwili, na kama anabembelezeka, kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2. Uliza kama wanakitumia hicho au kingine cha aina yake. Na mabadiliko yakitokea ghafla, ndani ya saa au siku chache, yasihesabiwe kuwa ni demensia imezidi mpaka mkojo, choo, kifua, maji mwilini na dawa mpya vimeangaliwa.

Kuhusu watu na wanyama anaowaona, mwombe mhudumu akueleze angemjibu nini mkeo akisema kuna mbwa chumbani. Asiyebishana naye, asiyemcheka, anayemuuliza kama mbwa huyo anamtisha na kisha kuwasha taa na kukaa naye, huyo ndiye unayemtafuta. Kama anatumia pia dawa za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, hakikisha zinatolewa kwa saa ileile kila siku, kwa kuwa kuchelewa humfanya akakamae. Jambo jingine: ugonjwa huu hupanda na kushuka ndani ya siku moja, kwa hiyo usikubali makao yamtathmini kwa ziara moja fupi. Anayemwona katika saa yake njema atamwandikia msaada mdogo kuliko anaouhitaji.

Swali: Tumepata nafasi ya baba katika makao yenye sifa nzuri, lakini tunatakiwa kusaini mkataba wa kurasa nyingi leo hii, ati nafasi imebaki moja. Baba mwenyewe bado anaelewa mambo kiasi. Tufanye nini? *(Kijana wa mwisho)*

Jibu: Kijana wangu, chukua mkataba nyumbani. Nafasi inayopotea kwa sababu familia imeomba siku mbili za kusoma ilikuwa inauzwa kwa haraka, na matunzo ya baba hayapaswi kununuliwa hivyo.

Soma kwanza kifungu kinachoeleza ni katika hali gani makao yanaweza kumtaka baba aondoke. Maneno kama "tabia zisizodhibitika" au "mahitaji yaliyozidi uwezo wetu", yasipofafanuliwa, yanaweza kumfikia karibu kila mwenye demensia siku moja, na kwa kawaida humfikia wakati familia haina pa kumpeleka. Uliza waziwazi kama wamewahi kumtunza mkazi hadi mwisho wa maisha yake, na ni nani huamua mgonjwa akimbizwe hospitali. Kisha tazama fedha: ada inajumuisha nini, ni vitu gani hutozwa pembeni, hupanda mara ngapi na kwa taarifa ya muda gani, mnalipa nini baba akilazwa hospitali, na kama akiba yake ikiisha nini kitafuata. Hakikisha unasaini kama mwakilishi wa baba. Ukisaini kama mdhamini, deni linaweza kuwa lako.

Leseni na ripoti za ukaguzi ziombwe pia. Katika baadhi ya nchi ripoti hizo ni za wazi. Uingereza, kwa mfano, chombo cha ukaguzi huzichapisha ili yeyote azisome. Nakushauri usiishie kwenye daraja lililotolewa, bali usome kasoro zilizotajwa na uangalie kama ripoti iliyofuata imezitaja tena zilezile.

Baba asiachwe nje ya jambo hili. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Asiyeweza tena kusimamia akaunti ya benki bado anaweza kusema kwa hakika kwamba hataki kulala chumba kimoja na mtu asiyemjua. Mpelekeni akapaone. Na maadamu anaelewa, muoneni mwanasheria ili baba mwenyewe aandikishe ni nani atakayemwamulia kuhusu afya na mali, kwa maana hati hiyo haiwezi kusainiwa na mtu ambaye haielewi tena.

Swali: Shangazi yetu yuko katika makao tangu mwaka jana. Tulipapenda, lakini sasa amekonda, tumemkuta na alama za michubuko mkononi, mara nyingine amevaa nguo za mtu mwingine, na kila tukimtembelea analia, "Nipelekeni nyumbani." Tulikosea kuchagua? *(Wapwa watatu)*

Jibu: Mambo manne mliyoyataja hayana uzito sawa, nami nawaomba myatenganishe.

Kilio cha kutaka kwenda nyumbani ndicho kinachowaumiza zaidi, na ndicho chenye ushahidi mdogo zaidi dhidi ya makao. Watu wenye demensia husema hivyo hata wakiwa katika nyumba walizozijenga wenyewe. Msibishane naye kuhusu anwani. Mwacheni awasimulie nyumba hiyo, na mwangalie kama kilio huja wakati maalumu, kwa mfano kabla ya kuogeshwa au mhudumu fulani anapoingia. Nguo zinazobadilishana huwa ni uzembe wa kufulia. Zishoneeni jina, lakini mkikuta miwani au meno ya bandia ya mtu mwingine lisemeni siku hiyohiyo, kwa sababu hapo shangazi hawezi kula wala kuona sawasawa.

Kukonda ni jambo la kupimwa. Ombeni rekodi ya uzito. Kupungua kwa asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, huhesabiwa kuwa ni upungufu mkubwa, na katika hali hiyo inapasa daktari awe ameitwa, meno na kumeza viwe vimechunguzwa, na mpango wa kula uwe umebadilishwa na kuandikwa. Katika hatua za mwisho za demensia mtu hukonda hata akitunzwa vyema, lakini nyumba inayomtunza vyema iliona kabla yenu na iliwapigia simu. Kama hakuna rekodi, hilo ni kosa lenyewe.

Michubuko ina maelezo mengi yasiyo na ubaya, kwani ngozi ya uzeeni ni nyembamba, na dawa za kuzuia damu kuganda huifanya ivilie damu kwa kuguswa kidogo. Ombeni maandishi ya tukio: lini, wapi, nani alikuwepo, alichunguzwa na nani. Alama za vidole upande wa ndani wa mkono wa juu, alama kwenye mikono yote miwili kwa pamoja, au michubuko kifuani na mapajani isiyo na maandishi yoyote, zinahitaji kufikishwa kwa daktari na kwa chombo kinachosimamia makao, bila kungoja kikao cha familia. Mwombeni muuguzi pia awaonyeshe visigino na makalio yake. Vidonda vya mgandamizo huanza kama wekundu usiotoweka ukibonyezwa.

Ombeni kikao na msimamizi, mmoja wenu aandike yaliyokubaliwa pamoja na tarehe, kisha mtazame linalofuata. Malalamiko hupima makao kuliko ziara yoyote ya mwanzo. Msimamizi anayeleta faili mwenyewe, anayekiri kasoro na kuwapigia baada ya wiki kuwaeleza alichobadilisha anastahili kupewa muda, kwa kuwa kumhamisha mwenye demensia humchanganya upya na huweza kumrudisha nyuma. Anayejitetea, anayewapunguzia saa za kumtembelea, au anayeanza ghafla kuzungumzia "tabia" za shangazi, hastahili. Mkimhamisha, hakikisheni orodha ya dawa, rekodi ya uzito na maelezo ya hali ya ngozi yake vinakwenda naye siku hiyohiyo, ili makao mapya yaanze kumhudumia yakijua alivyoingia.